Hasira ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Ombi la "Bwana, niondolee hasira" ni pana mno. Mtu analiomba kwa machozi kwenye mkesha wa Ijumaa, kisha Jumatatu jioni mtoto anamwaga uji na sauti ile ile inasikika hadi kwa jirani. Si mnafiki huyo. Amemwomba Mungu aondoe kitu ambacho yeye mwenyewe hajakaa akakitazama: huja saa ngapi, humwangukia nani, hutanguliwa na nini. Toba ameifanya tukio la usiku mmoja, ilhali Luka 9:23 inasema msalaba hubebwa kila siku.

Hapa nashika hasira ya nyumbani tu, ile ya kufoka. Ukishika yote hushiki lolote. Anayesumbuliwa na umbea, wivu au simu ya usiku wa manane atabadilisha mifano, utaratibu ni huu huu.

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Nunua daftari dogo na kila ukifoka andika mambo manne: saa, mahali, uliyemfokea, na mwili wako ulikuwa na hali gani. Hapo ndipo watu hushangaa. Mama mwenye duka Ngamiani, Tanga, aliyesimama tangu saa moja asubuhi bila kula mchana, anajiona ana roho ya hasira. Dereva wa bodaboda pale Kange ambaye hajatimiza hesabu ya tajiri naye anajiona hivyo hivyo. Daftari likisomwa linasema jambo dogo kuliko hilo: karibu kila kosa limetokea kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, muda mfupi baada ya kuingia nyumbani, tumbo likiwa tupu. Ongeza joto la Tanga la Januari na Februari, na usiku ambao umeme ulikatika feni ikasimama. Eliya alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye, mlimani. Basi kwa wengine nidhamu ya kwanza ya kiroho ni sahani ya chakula saa tisa alasiri, na wala si aibu.

Wazee wa jangwa la Misri, yaani watawa wa zamani, walilifanyia kazi hili katika karne ya 4. Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mtu anayesali, hasira ikiwamo. Waliomfuata, kama mtawa Yohana Klimako wa Sinai, wakaeleza wazo linavyoingia kwa hatua. Kwanza linabisha hodi. Kisha tunaanza kuongea nalo. Kisha tunalikubali, na likishakubaliwa mara nyingi linakuwa mazoea. Hodi si dhambi, huwezi kuizuia. Kazi iko kwenye yale mazungumzo, na mazungumzo ya hasira yana alama zake: "Ananidharau. Kila siku hivi hivi. Na mama yake ndiye aliyemlea vibaya." Ukijisikia kichwani unasema "kila siku" na "siku zote", ujue umeshamkaribisha mgeni ndani. Kaini naye alipewa muda. Katika Mwanzo 4:7 Mungu anamwambia dhambi inamwotea mlangoni, na anamwambia hivyo kabla ya kuua. Hasira tunayosema ilitupanda ghafla mara nyingi ilianza kuchemka saa nane mchana.

Mazungumzo hayo hukatwa kwa jibu lililoandaliwa mapema. Yesu nyikani alijibu mara tatu, na majibu yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Evagrius aliandika kitabu kizima cha mistari ya Biblia iliyopangwa kwa yale mawazo manane, kila wazo na majibu yake. Wewe huhitaji kitabu. Unahitaji mstari mmoja, mfupi wa kusemeka kwa pumzi moja. Anayetangulia kufoka achukue Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Anayejibu mapigo achukue nusu ya kwanza ya Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira." Anayehisi amezidiwa kabisa achukue Zaburi 70:1, ule wa kumwomba Bwana msaada wa hima, ambao mtawa Yohana Kasiano aliufundisha katika karne ya 5 kama sala ya kurudiwa kutwa nzima. Useme kwa sauti mara kumi kila asubuhi, wiki nzima, wakati umetulia. Mstari ambao haujazoewa na ulimi hauji wakati damu imechemka. Wengi huharibu hapa kwa kuchagua mistari mitano, wakati wa moto wasikumbuke hata mmoja. Wengine huchagua mstari wa kumpiga nao mwenzao: mume anakariri habari za wake kutii, mke anakariri habari za waume kupenda, na ugomvi unapata sauti ya kanisani.

Kisha kuna mwili. Moyo ukishaanza kudunda na misuli kukaza, hali hiyo huchukua dakika nyingi kutulia, hata nusu saa, na hakuna neno la maana linalosemwa ndani ya muda huo. Kwa hiyo mlango wa nyumba upewe utaratibu. Simama nje, shika komeo. Vuta pumzi taratibu, itoe polepole zaidi huku ukisema mstari wako. Ingia, vua viatu, nawa uso, kunywa maji, tia kitu tumboni. Wasalimie wote kwa majina kabla ya kuuliza habari za LUKU, madaftari ya shule au hela iliyobaki. Ikitokea la kuudhi, sema: "Nimesikia. Tuongee saa mbili, tukishakula." Na saa mbili rudi kweli uongee. Asiyerudi hajajifunza upole, amejifunza kununa, na kununa huumiza nyumba kuliko makelele.

Waefeso 4 haikomei kwenye kuacha. Mwivi asiibe tena, halafu afanye kazi kwa mikono yake, halafu awe na cha kumgawia mhitaji. Kila kinachovuliwa kina cha kuvaliwa. Katika Luka 11 pepo aliyetoka anairudia nyumba, anaikuta imefagiwa na kupambwa, anakwenda kuleta wengine saba. Azimio la "sitafoka tena" ni nyumba ya namna hiyo, safi na tupu. Liandike upya kwa tendo: "Mtoto akimwaga kitu, nitachukua tambara kwanza, ndipo niseme." Mkono ukiwa na tambara sauti hushuka yenyewe, jaribu uone.

Sasa lile daftari. Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521 kisha akageuka mtu wa sala, aliacha utaratibu wa kupambana na kosa moja tu kwa wakati mmoja. Asubuhi ukiamka, unakusudia kujilinda na kosa hilo. Mchana unajihoji saa kwa saa tangu ulipoamka. Usiku unajihoji tena tangu mchana. Kwenye ukurasa kila siku ina mistari miwili: wa juu ni wa asubuhi, wa chini ni wa mchana hadi usiku. Kila kosa ni nukta moja. Na kosa likitokea, papo hapo unaweka mkono kifuani na kujuta kimoyomoyo, jambo unaloweza kulifanya hata ndani ya daladala bila mtu kutambua.

Tuseme ukurasa unaonyesha Jumanne juu nukta 2, chini 6. Jumatano juu 1, chini 6. Alhamisi juu 2, chini 3. Unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, kisha wiki na wiki. Hapo swali si "mimi ni mbaya kiasi gani?" Swali ni "Alhamisi jioni kulikuwa na nini?" Pengine ulikula mchana. Pengine wifi hakuja. Shukuru kwa Alhamisi hiyo, kisha uitengeneze tena kwa makusudi.

Hesabu matendo, usihesabu hisia. Kufoka, tusi, kejeli, kubamiza mlango: hizo ni nukta. Kukasirika kwenyewe si nukta, maana Waefeso 4:26 inasema tuwe na hasira ila tusitende dhambi. Jambo hili huwavunja moyo wengi kuliko jingine lolote, kwa hiyo nalisema wazi. Majuma ya mwanzo kinywa kitapungua kelele huku kifua kikiwaka vile vile, na pengine zaidi. Mtu anajiona anaigiza, anaacha. Asiache. Hisia hufuata tendo kwa mwendo wa kinyonga, na aliyezoea kufoka kwa miaka kumi hatapoa kwa mwezi. Zile "siku 21 za kubadili tabia" zinazotangazwa kila mahali hazina msingi wa kutosha. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti wa watu 96 uliochapishwa mwaka 2010, walikuta tendo jipya la kila siku huchukua takriban siku 66 kwa mtu wa katikati kuwa mazoea, wengine 18 tu, na wengine ilikadiriwa 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi. Hao walifuatilia mambo mepesi, kama kunywa maji wakati wa chakula. Kinywa cha hasira kipe muda zaidi.

Saa za kujihoji zisikusumbue kuzikumbuka. Saa za sala za Matendo ya Mitume ni saa zetu hizi hizi tunazohesabu: saa tatu, Petro juu ya dari saa sita, Petro na Yohana wakikwea hekaluni saa tisa. Na kwa mkazi wa Ngamiani au Makorora kengele ipo tayari bila kuweka simu, adhana ya adhuhuri. Jirani anakwenda msikitini, wewe fungua daftari. Dakika tatu zinatosha.

Mlutheri akisema mambo ya Ignatius ni ya Wakatoliki, na aende kwa Luther mwenyewe. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kusali: chukua amri moja, utafute ndani yake fundisho, kisha shukrani, kisha ungamo, kisha ombi. Akamwonya ajihadhari na wazo la "nitasali baadaye kidogo". Ukiichukua amri ya tano, usiue, ukaipitisha kwenye hatua hizo nne kila asubuhi, umefika pale pale.

Kufunga kunasaidia, na kunaharibu vilevile. Wakristo wa mwanzo walifunga Jumatano na Ijumaa. Kwa anayeanza, siku moja kwa juma, bila chakula hadi saa tisa, maji anakunywa, anafungua kwa uji na si kwa chapati za mafuta. Usipange mazungumzo mazito siku hiyo. Isaya 58:4 inawakemea waliofunga huku wakigombana na kupigana ngumi, ina maana tatizo si geni. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha na anayemeza dawa afunge simu au soga badala ya chakula.

Nukta za jioni zina deni, nalo hulipwa kabla ya kulala. Kuomba radhi kuna namna yake. "Nisamehe kama nimekukosea" si kuomba radhi, ni kumwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha. Sema tendo: "Nimekuita mjinga mbele ya watoto. Nimekosa. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Kwa mtoto, chuchumaa macho yenu yalingane. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba heshima itashuka. Ilishashuka pale ulipofoka, mtoto anajua.

Tafuta mtu mmoja wa kumwonyesha daftari, wa jinsia yako, asiye na deni lako wala undugu wa karibu, robo saa kila wiki. Yakobo 5:16 inasema tuungamane sisi kwa sisi, haisemi tuungame mbele ya jumuiya nzima. Kilichosemwa kwenye jumuiya Jumamosi kinafika sokoni Mgandini Jumapili. Mkatoliki ana kitubio pia, na orodha ya nukta humsaidia kuungama jambo badala ya "nina hasira, padre".

Mkono ukishanyanyuka, daftari halitoshi. Nyumba yenye kipigo inahitaji mtu aliye hatarini awe salama kwanza, na dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo huzuni isiyoondoka zaidi ya majuma mawili, kukosa usingizi, au mawazo ya kujiua: nenda hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu, na sala iendelee ukiwa kwenye matibabu.

Nukta zikipungua hadi moja mbili kwa wiki, usifute mstari wa daftari. Uendeleze kama mwezi mmoja, maana Kwaresima, ada za shule za Januari na ugeni wa ndugu bado vitaupima. Ndipo uhamie kosa jingine. Hilo la pili usilichague peke yako. Muulize mama watoto, au baba watoto, naye atakuwa na jibu tayari.