Mkono wa kulia ni wa salamu: nilivyojifunza kuficha karata kiganjani

Ukitaka kufanya mazingaombwe ya karata hapa Arua, Uganda, kitakachokushinda kwanza ni salamu, vidole baadaye. Nauza vitenge, na wateja wangu wengi wanavuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Mtu haulizi bei kabla hajakupa mkono. Sasa wewe una karata imelala kwenye kiganja cha kulia, na mama wa watu ameshanyoosha wake. Ukimpa wa kushoto, umemkosea adabu. Ukisita, kila aliye dukani anatazama mkono uleule usiotaka utazamwe.

Mafunzo mengi niliyoyaona kwenye simu yanaanzia hapo hapo, kiganja cha kulia na karata ya juu. Mkono wa kulia unashika pakiti kwa juu, gumba nyuma na vidole mbele. Kidole kidogo kinabonyeza pembe ya mbele ya karata ya juu na kuisukuma kidogo, nayo inainuka yenyewe hadi kiganjani. Inabanwa pembe kwa pembe: moja kwenye ncha ya kidole kidogo, nyingine kwenye nyama ya chini ya gumba. Vidole vinabaki pamoja, vimepinda kidogo. Ni njia safi na niliipenda. Ila dukani kwangu haifai, kwa sababu niliyoitaja.

Nilijaribu na nyingine. Ile ya kuficha karata nyuma ya mkono inapendeza jukwaani, watu wakiwa mbele yako tu. Ile iliyopewa jina la Tenkai, yule mwanamazingaombwe Mjapani, inabanwa na gumba na inauacha mkono uonekane mtupu, lakini nayo inaogopa macho ya pembeni. Na huku hakuna pembeni wala mbele. Watu wanakuzunguka, na watoto wanachuchumaa miguuni wakikutazama kutoka chini. Watoto ndio wabaya zaidi. Mtu mzima anautazama uso wako unapoongea, mtoto hana habari na uso wako.

Nikahamia mkono wa kushoto na karata ya chini. Kwanza nampa mtu pakiti achague, karata zikiwa wazi, yoyote anayoitaka. Wengi wanachukua saba, maana kwenye matatu (mchezo wetu wa karata, si gari) saba ndiyo ya kukata, yaani kumaliza mchezo. Akiirudisha juu ya pakiti, nachanga kwa kumwaga karata kutoka mkono mmoja hadi mwingine: ya kwanza naidondosha peke yake, zilizobaki zote zinakuja juu yake. Mbele ya macho yao, saba ya kopa imekwenda chini kabisa. Kisha kidole kidogo cha kushoto kinaiachanisha kidogo na wenzake. Mkono wa kulia unaondoka na pakiti, saba inabaki kushoto, na kiganja kinageuka chini kulalia robota la vitenge.

“Mzee, changa mwenyewe.” Nampa pakiti kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka. Nani atashuku? Kutoa kitu kwa kulia ndiko tulikolelewa. Akimaliza kuchanga, napokea kwa mikono miwili kwa kuwa ni mkubwa wangu. Kulia kunachukua, kushoto kunakuja chini kusaidia kubeba, na saba imerudi mahali pake. Sikulazimika kubuni kisingizio chochote. Dai Vernon, yule mwanamazingaombwe Mkanada aliyefariki 1992, alisisitiza sana kwamba mkono unaoficha kitu uende kama unavyokwenda siku zote. Mkono wangu siku zote unapokea vitu vya wazee namna hiyo, kwa hiyo kwangu hilo lilikuwa jepesi.

Kazi ngumu ilikuwa kuuzoesha mkono wa kushoto ukae na karata bila kukakamaa. Kioo hakikunisaidia sana, kwa sababu mtu akijitazama anageuza mkono bila kujua ili asione kosa. Nikaweka simu ijirekodi, mara begani, mara sakafuni penye macho ya watoto. Huko chini ndiko nilikoona upenyo kati ya kidole cha pete na kile kidogo, ukingo mweupe unachungulia. Dawa yake ni kulegeza, wala si kukaza. Ukikaza, gumba linasimama kama msumari na vifundo vinabadilika rangi. Nikaanza kufanya kazi za kawaida na karata kiganjani: kukunja vitenge, kuandika deni kwenye daftari, kushika kikombe cha chai. Siku niliyogundua nimesahau kwamba ninayo ndiyo siku niliyoanza kuwaonyesha watu.

Karata zenyewe zina maneno yake. Vidole vyangu ni vifupi, kwa hiyo natumia zile nyembamba, upana milimita 57, si zile za 63. Urefu ni uleule, 88, lakini hizo milimita 6 ndizo zilizokuwa zikichungulia. Joto la hapa nalo ni adui. Karata ya karatasi ikikaa kwenye jasho inapinda na kugoma kulala na wenzake. Sasa naipinda pakiti nzima kidogo kabla ya kuanza, ili ile moja isijitenge.

Neno uchawi lilitajwa, bila shaka. Lililoniudhi zaidi ni kufananishwa na wale wa karata tatu wanaovizia wasafiri kituo cha mabasi. Kwa hiyo sigusi pesa ya mtu nikiwa na karata mkononi, na kwenye matatu ya jioni naketi nacheza kama wengine. Karata anagawa mwingine. Hilo majirani waliliamua wenyewe, bila kuniuliza, na sijawahi kulipinga.