Waliniambia nimlaze lokapu mtoto anyooke, nikawasikiliza

Naandika na hasira bado, maana jana tu kuna mtu kamshauri rafiki yangu kitu kilekile nilichoshauriwa mimi, eti mtoto akikushinda mpeleke polisi wamuweke ndani atanyooka. Jamani msifanye hivyo.

Wangu alikuwa na miaka 15. Shule anatoroka, anarudi usiku wa manane, ukimuuliza anabamiza mlango. Majirani walikuwa kimya mpaka siku yeye na wenzie walipovunja vioo vya nyumba tatu usiku mmoja, hapo kila mtu akawa mshauri. Huyu anasema fimbo, yule anasema mfukuze, mwingine anataka apelekwe bweni la mbali. Mimi nikashika la polisi kwa sababu shemeji alikuwa na mtu anafahamiana naye kule.

Nilimpeleka mwenyewe. Tulipanga akae ndani masaa machache, wamkaripie, alie, nimfuate. Nikamkuta kapoa kabisa, nikajua dawa imeingia. Baada ya wiki mbili ndo nagundua kwamba mle ndani alikaa na vijana wawili wa miaka 20 na kitu, wakapiga stori, wakapeana namba, na sasa hao ndo anatoka nao usiku. Alikuwa na kampani ya watoto wenzie, mimi mama yake nikamtafutia ya wakubwa. Mtaani nako wakaanza kumwita "aliyelala ndani" na akawa anatembea na hilo jina kama cheo.

Nikaanza kusoma. Kumbe Marekani walishajaribu, gereza la Rahway huko New Jersey, miaka ya 1970, vijana wanapelekwa kwa wafungwa wa kifungo cha maisha wakatishwe. Watafiti walipokuja kulinganisha waliopitia programu za namna hiyo na wasiopitia, waliopitia ndo waliozidi kufanya makosa. Nililia siku hiyo.

Kilichonitoa ni kisa cha Elmira, Ontario, Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili waliharibu mali sehemu 22 usiku mmoja, afisa aliyekuwa anawasimamia akamuomba hakimu wazunguke kwa wenye mali, waonane nao uso kwa uso na walipe, na hakimu akakubali. Nikasema wenzetu 22 wameweza, sisi tatu zitatushinda?

Kwanza nikawauliza wenye nyumba kama wako tayari. Mmoja akakataa, ni haki yake, nikamlipa vioo. Halafu sikwenda naye mimi, mzazi unakuwa na aibu yako unaishia kumjibia mtoto. Alienda na mjomba wake ambaye hajawahi kumpigia kelele hata siku moja.

Nyumba ya kwanza waliongea kidogo tu wakamaliza. Ya pili ni ya mzee wa miaka 70 na kitu anaishi peke yake. Hakumkaripia, alimwambia tu usiku ule alijifungia bafuni mpaka kunakucha, akijua ni majambazi. Mjomba anasema kijana aliangalia viatu vyake muda mrefu, mwisho akauliza, "Babu, sasa hivi unalala vizuri?" Mzee akamjibu hapana.

Jumamosi iliyofuata akaenda kuweka vioo, nyingine akaenda bila kutumwa. Hela ya vioo nilitoa mimi, akanirudishia kidogo kidogo, zote hazikufika na sikumdai.

Kingine niliacha ile "njoo ukae hapa tuongee", unamuweka mbele yako kama mshtakiwa, atasema nini? Tunaongea tukiosha vyombo au tukitembea, macho mbele, na kuna mambo nimeambiwa hapo ambayo kwenye kochi nisingeyasikia milele. Na mwacheni alale wikiendi, umri huo usingizi unachelewa kuja na mwili unahitaji masaa 8 mpaka 10.

Wale wakubwa wawili hawakumwachia haraka, ilichukua karibu nusu mwaka. Kuna siku mbili hakurudi kabisa, nimezunguka kote, usiku wa pili simu ikaita, ni yule mzee. "Mama, acha kutafuta, yuko kwangu. Kaja mwenyewe, kalala."