Anayesimama ubavuni mwa roboti

Katika upasuaji wa kuondoa tezi dume kwa roboti, sifa zote humwendea daktari aliyekaa kwenye konsoli, hatua chache kutoka kitandani, uso ameuinamisha kwenye kioo na vidole vimo ndani ya vishikio. Mimi leo namuwaza msaidizi wake, yule aliyevaa glavu na kubanana na mikono minne ya mashine ubavuni mwa mgonjwa. Da Vinci, ndiyo roboti yenyewe, haiamui lolote. Inachuja mtetemo wa mkono na kupunguza mwendo, mathalani vidole vikienda sentimita 3 mkasi uende 1, basi. Mashine ikiwa na utii wa namna hiyo, chanzo cha matatizo hutafutwa kwingine, na mara nyingi kinapatikana kabla daktari hajakaa.

Kuna ulazaji. Kitanda huinamishwa nyuzi 25 hadi 30, kichwa chini, ili utumbo urudi juu na nyonga ibaki wazi. Mwili mzito kwenye mteremko huo huteleza, huku mirija ya kupitishia vifaa iliyochomekwa tumboni imeshikwa na mashine mahali pamoja. Ngozi na misuli ndivyo vinavyovutwa. Dawa yake ni godoro la sponji linalogusa ngozi moja kwa moja, bila shuka katikati. Wanaoweka vizuizi mabegani wanakimbia tatizo moja na kuingia jingine, maana vizuizi hivyo vinaweza kubana mishipa ya fahamu na mgonjwa akaamka mkono umekufa ganzi. Daktari wa usingizi naye ana yake: macho yafungwe vizuri, na maji ya mshipani yaende kidogo kidogo hadi kibofu kishonwe tena kwenye njia ya mkojo. Akiyafungulia mapema, uso na koo huvimba, na mkojo hufurika palepale panaposhonwa.

Halafu matundu. Tumbo hujazwa kaboni dioksidi hadi kama milimita 15 za zebaki wakati wa kutoboa, kisha wengi hushusha hadi 12. Vipimo huchukuliwa baada ya tumbo kujaa. Ukichora alama tumbo likiwa bapa, ngozi ikitanuka alama zinahama. Kwenye modeli ya Xi matundu manne ya milimita 8 hupangwa kwenye mstari usawa wa kitovu au juu yake kidogo, yakiachana kama sentimita 8, na la msaidizi, la milimita 12, hukaa pembeni. Yakisongamana, mikono itagongana nje na daktari ataona tu kwamba mkasi umegoma, asijue kwa nini. Anayeona kiwiko cha mashine kimegota kwenye kingine, au kinakandamiza paja la mgonjwa, ni msaidizi peke yake.

Kila mrija una mstari mnene mweusi. Mstari huo sharti ukae ndani ya ukuta wa tumbo, kwa kuwa hapo ndipo mashine inapozungushia mkono bila kuusukuma mwili. Ukivutwa nje kidogo tu, kila mzunguko unapasua misuli, gesi inavuja, maumivu yanakuwa makali baadaye na ngiri inapata njia. Ni jambo la sekunde chache kulikagua, na bado huachwa.

Mkasi wa umeme huvishwa kifuniko laini cha kuzuia umeme, cha kutumia mara moja. Kisipoingia hadi mwisho, umeme unatoroka kupitia shingo ya mkasi na kuunguza utumbo uliolala jirani, nje ya picha. Siku ya upasuaji haionekani kitu. Siku kadhaa baadaye mgonjwa anarudi na homa na tumbo gumu. Ndiyo maana msaidizi makini hukikagua kabla ya kuchomeka na kila mkasi unapotoka, hata kama konsoli inamhimiza afanye haraka.

Modeli zilizozoeleka hazimpi daktari hisia ya mguso. Da Vinci 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, ndiyo iliyoleta vifaa vinavyopima nguvu. Bila hisia hiyo uzi hukatika, na tishu laini huchanika kwa sababu jicho limechelewa kuona imekakamaa. Hatari zaidi ni mkono wa tatu wa mashine ulioachwa umeshika kitu nje ya picha, kisha ukasahaulika. Msaidizi huku anafyonza damu, anabana klipu, anaingiza sindano na kuitoa akiitaja kwa sauti. Sindano isiyohesabiwa ndani ya nyonga inatafutwa kwa saa nzima.

Tarehe 7 Septemba 2001 daktari wa upasuaji Mfaransa, Jacques Marescaux, alikaa New York akaondoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti ya ZEUS, kwa dakika 54. Ucheleweshaji wa mawasiliano ulikuwa kama milisekunde 155. Habari hiyo husimuliwa kama ushindi wa nyaya za chini ya bahari. Lakini huko Strasbourg walisimama madaktari wa upasuaji kitandani, tayari kushika kazi laini ikikatika. Taasisi aliyoianzisha, IRCAD, ilifungua kituo cha mafunzo Kigali mwaka 2023, na natamani wanaotumwa huko watumwe wawili wawili: wa konsoli na wa ubavuni.

Kwa sababu damu ikiruka, konsoli haina la kufanya zaidi ya kubana. Msaidizi anasukuma chachi ndani, gesi inapandishwa kwa muda hadi kama 20, ambayo kwa mshipa wa vena mara nyingi hutosha. Isipotosha, vifaa vinatoka kwanza, kisha mikono inatenganishwa na mirija, kisha mashine inarudishwa nyuma, tumbo linafunguliwa. Kama umeme umekatika na koleo limeng'ang'ania tishu, kuna ufunguo maalumu wa kuliachisha kwa mkono. Ufunguo huo unapaswa kuwa chumbani, mahali panapojulikana na kila mtu, si stoo. Na kitanda kisichounganishwa na roboti hakisogezwi, hata kwa amri ya daktari wa usingizi, mpaka mkono wa mwisho uwe umeachana na mgonjwa. Nani anatoa vifaa, nani anasukuma mashine, nani anaita damu: hayo hugawanywa kwa majina kabla ya kisu cha kwanza.