Nimeipata Comet

Jamani, leo nimeipata kadi ya Comet, ile ndege ya abiria ya jeti ya Waingereza! Miaka mitatu naitafuta kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili hapa Leicester, kumbe imelala ndani ya kopo la biskuti, katikati ya vifungo vya nguo.

Ni zile kadi ndogo zilizokuwa zikiwekwa kwenye pakiti za chai na peremende Uingereza, watoto wakusanye seti nzima. Mimi nakusanya za ndege za Waingereza za baada ya vita tu. Kona moja imekunjika, lakini rangi bado ipo. Ukiisogeza karibu na macho unaziona injini nne zilivyofichwa ndani ya mabawa, zimebana ubavuni. Sijaona ndege nzuri kuliko hii.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet ilianza safari za kwanza za abiria kwa jeti duniani, London hadi Johannesburg, ikipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Entebbe! Marehemu babu alikuwa akifanya kazi Kampala miaka hiyo. Sikuwahi kumuuliza kama aliisikia ikipita.