Mwaka wa kwanza wa Sheinbaum, na faili zinazolala

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Leo Claudia Sheinbaum ametimiza mwaka mmoja tangu aapishwe kuwa rais wa Mexico. Imebaki mitano, na katiba haimruhusu kugombea tena. Vita vya dawa za kulevya alivirithi kwa marais watatu, na kila mmoja wao aliingia na dawa yake. Nimeligeuzageuza suala hili jioni nzima, na kila nikianzia kwa wanajeshi najikuta nimeishia kwenye faili: faili moja la mtu mmoja aliyeuawa, limelala mezani kwa mwendesha mashtaka mpaka linaota vumbi.

Felipe Calderón alipeleka maelfu ya askari jimbo la Michoacán tarehe 11 Desemba 2006, siku kumi tu baada ya kuapishwa. Alikuwa na sababu: polisi wengi wa manispaa walikwisha kununuliwa na magenge ya dawa. Mpango ulikuwa kuwaondoa vigogo wa magenge mmoja baada ya mwingine. Desemba 2009 askari wa jeshi la majini walimuua kigogo Arturo Beltrán Leyva mjini Cuernavaca, na genge lake likagawanyika vipande vipande. Kipande kimojawapo, Guerreros Unidos, ndicho kilichokuja kuhusishwa na kutoweka kwa wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, mjini Iguala, usiku wa tarehe 26 Septemba 2014.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Genge kubwa linalosafirisha kokeini linapenda njia tulivu, kwa sababu kila risasi inaleta askari, na askari wanachelewesha mzigo. Genge likivunjika, vijana waliobaki mara nyingi hawana mtu wa kuwaletea mzigo wala mnunuzi ng'ambo ya mpaka. Wana bunduki na mtaa wao. Basi wanaula mtaa: wanateka watu, wanamtoza mwenye duka la tortilla, wanamtoza mkulima wa ndimu au parachichi kwa kila kreti inayotoka shambani. Mwananchi ambaye hajawahi kuona unga wowote ndiye anayeilipia kazi ya kumuua kigogo. Na aliyekuwa waziri wa usalama wa Calderón, Genaro García Luna, alikutwa na hatia New York mwaka 2023 ya kupokea hongo za genge la Sinaloa, akahukumiwa zaidi ya miaka 38. Linaniuma kila nikilikumbuka, kwa ajili ya wale askari wa vyeo vya chini waliokufa wakimtii.

Enrique Peña Nieto aliendelea na mpango ule ule. Andrés Manuel López Obrador akaja na kauli ya kukumbatiana badala ya kupigana risasi, kisha akaunda Walinzi wa Taifa mwaka 2019, wengi wao wakitoka jeshini. Mauaji yalizidi 30,000 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya utawala wake. Jambo ambalo halikupigiwa kelele za kutosha ni kwamba bajeti ya 2021 iliufuta mfuko wa serikali kuu uliosaidia polisi wa manispaa. Polisi anayewajua watu wa mtaa kwa majina akabaki na redio mbovu na mshahara mdogo, na askari mgeni akapewa gari jipya.

Sheinbaum si yule wa kukumbatiana, ingawa hasemi hivyo hadharani. Waziri wake wa usalama, Omar García Harfuch, ni polisi mpelelezi aliyenusurika shambulio la bunduki jijini Mexico City Juni 2020. Walipokuwa pamoja jijini, yeye akiwa mkuu wa serikali ya jiji na Harfuch mkuu wa polisi, mauaji yalishuka kwa karibu nusu. Njia yao ilikuwa ya kazi ya mikono: kamera za mtaani, uchambuzi wa simu, orodha ya watu wachache wanaoua sana katika kila eneo, na polisi waliopewa nafasi ya kupeleleza wakishirikiana na waendesha mashtaka badala ya kulinda utepe wa njano tu. Sasa wanaitaka nchi nzima ifanye hivyo, na Julai mwaka huu bunge limewapa sheria mpya ya upelelezi.

Natamani wafaulu. Lakini jiji lile lina polisi zaidi ya 80,000. Chilpancingo, mji mkuu wa Guerrero, ulimpoteza meya wake Alejandro Arcos tarehe 6 Oktoba 2024, kabla hajamaliza hata wiki moja ofisini, alikatwa kichwa.

Tufuate kifo kimoja katika mji wa aina hiyo. Wa kwanza kufika ni askari wa Walinzi wa Taifa. Hakufundishwa kulinda eneo la tukio, anapita juu ya maganda ya risasi. Mtaalamu wa uchunguzi anafika baada ya saa kadhaa, kwa sababu ni yeye huyo huyo kwa wilaya tatu. Shahidi yupo, lakini hakuna mtu wa kumlinda, kwa hiyo hakuona kitu. Maiti inakwenda mochwari iliyokwisha kufurika. Mwaka 2018 Guadalajara ilibidi iweke maiti zaidi ya mia kwenye trela la barafu lililozungushwa vitongojini. Nchi nzima ina miili zaidi ya 50,000 isiyotambuliwa. Faili linaangukia kwa mwendesha mashtaka mwenye mamia mengine. Zaidi ya asilimia 90 ya makosa huishia bila adhabu, na kijana aliyebonyeza bunduki anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko waziri.

Serikali inasema wastani wa mauaji umeshuka kutoka takriban 87 kwa siku Septemba 2024 hadi takriban 60 Agosti 2025. Naamini yameshuka. Ila takwimu hiyo isomwe ikiwa imelazwa kando ya rejesta ya waliotoweka, ambayo imevuka majina 130,000. Mtu asiyepatikana mwili wake hahesabiki kuwa ameuawa. Genge likizika au kuchoma, takwimu inapendeza, na mama anabaki na sepetu mkononi akichimba jangwani.

Culiacán, mji mkuu wa jimbo la Sinaloa, bado inawaka. Ismael Zambada, mmoja wa vigogo wa genge la Sinaloa, alikamatwa Marekani karibu na El Paso tarehe 25 Julai 2024, na kuanzia tarehe 9 Septemba watu wake na wana wa kigogo mwenzake, Joaquín Guzmán ("El Chapo"), wakaanza kuuana. Shule zilifungwa, mitaa ikawa mitupu jioni. Desemba Harfuch alinasa huko Sinaloa zaidi ya tani moja ya fentanili, dawa kali inayotengenezwa kwa kemikali. Ni kazi kubwa, lakini kilo moja inatosha dozi 500,000 za kuua, inapikwa kwenye jiko la nyumbani, na kemikali zinaingia kwa meli bandarini Manzanillo na Lázaro Cárdenas. Haina shamba la kufyeka.

Kinachonipa matumaini kidogo ni hesabu ya watu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulikadiria kwamba magenge yana watu kati ya 160,000 na 185,000, na lazima yaajiri takriban 350 kila wiki ili yasikauke. Pale ndipo pa kubana. Ruzuku ya mafunzo ya kazi kwa vijana, karibu peso 8,500 kwa mwezi mwaka 2025, inaisha baada ya miezi 12, na genge linangoja mwezi wa 13. Wengine hudanganywa kwa matangazo ya kazi kwenye simu. Viatu vilivyokutwa na wanaotafuta ndugu zao huko Teuchitlán, kwenye shamba linalodaiwa kuwa kambi ya genge ya kuwafundisha vijana, Machi mwaka huu, vilikuwa mamia.

Bunduki zinatoka Marekani kwa sehemu kubwa, na Juni Mahakama Kuu ya huko iliitupa kesi ya Mexico dhidi ya watengenezaji. Wafungwa 29 wa magenge walipelekwa Marekani Februari, wengine 26 Agosti. Wamepungua vigogo gerezani. Bunduki zinazoshuka kusini hazijapungua.

Mwezi uliopita Hernán Bermúdez, aliyekuwa mkuu wa usalama wa jimbo la Tabasco, alikamatwa Paraguay na kurudishwa nyumbani. Anatuhumiwa kuongoza genge akiwa amevaa beji. Aliteuliwa wakati gavana alikuwa mtu wa chama cha rais, Morena. Yuko gereza la Altiplano, lile lile Guzmán alilotoroka kwa handaki la kilomita 1.5 mwaka 2015. Faili lake ndilo nitakalolifuatilia: nani atahojiwa, kwa cheo gani, na lini hakimu atalisoma.