Kusoma Fasihi Napoli kwa Kinywa na kwa Mizani

Kusoma fasihi Italia ni kazi ya kinywa. Hilo ningependa vijana wa kwetu wanaotuma maombi walijue mapema, kabla hata ya habari za viza. Hapa Napoli masomo mengi ya fasihi humalizikia mezani kwa profesa: unaitwa jina, unaketi mbele yake, unaulizwa, unajibu. Mtihani ni wa hadhara, kwa hiyo mlango huachwa wazi na wenzako wanaosubiri zamu husikiliza kila neno lako. Alama kamili ni 30. Ukipata 18 umepita, na aliyeng'ara kabisa hupewa 30 na kuongezewa sifa, wao huita "e lode".

Aliyelelewa na mitihani ya kalamu hushtuka. Lakini sisi watu wa pwani tuna akiba ambayo hatuihesabu. Nimekulia Tanga, ambako utenzi ulighaniwa na watu wazima, na mtoto aliyekosea kina alisahihishwa papo hapo. Profesa anapofungua kitabu na kusema "soma hapa, kisha nieleze", anataka kusikia kwanza kama sikio lako limeshika mapigo ya mstari. Jambo hilo nililijua kabla sijajua Kiitaliano.

Nilikutana nalo kwa Dante, mshairi mkuu wa Italia. Mstari wake una silabi 11, na mwanzoni hesabu zangu zilikataa. Kwetu kila irabu ina mizani yake. "Kaa" ni mbili, hakuna mjadala. Sasa chukua mstari wa pili wa shairi lake kuu: "mi ritrovai per una selva oscura". Kwa hesabu ya Kiswahili ni mizani 13. Kwa hesabu yao, "vai" ni silabi moja, na irabu ya mwisho ya "selva" humezana na irabu ya kwanza ya "oscura", basi zinabaki 11. Tangu nilipolielewa hilo, Dante ameacha kuwa mnara wa kutazamwa kwa mbali. Ni mtunzi, anabana maneno kama watunzi wetu wanavyobana mishororo yao ya nane kwa nane.

Tena alikuwa mtu wa ugenini. Alizaliwa Firenze 1265, akahukumiwa uhamisho 1302, na akafia Ravenna 1321 bila kurudi kwao. Katika Paradiso, sehemu ya mwisho ya shairi hilo kuu, wimbo wa 17, mhenga wake Cacciaguida anamtabiria kwamba ataonja jinsi mkate wa wengine ulivyo na chumvi, na jinsi ilivyo ngumu kushuka na kupanda ngazi za wengine. Toscana, mkoa wa Firenze, mkate huokwa bila chumvi hadi leo, ndiyo maana neno hilo linauma. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu kazi hadi saa 20 kwa wiki, nami jioni namhudumia bibi mmoja anayeishi ghorofa za juu katika jengo lisilo na lifti. Nikiwa jikoni ananiambia, "Soma, mwanangu," nami nasoma. Nikikata mstari pasipo pake, anaumalizia yeye kwa moyo, kama alivyofundishwa shuleni.

Makaratasi nisiyapite kabisa. Ukifika, una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi kupitia posta, kisha polisi watakupangia siku ya alama za vidole. Ada hufuata kipato cha familia, kwa hiyo nyaraka za wazazi zitafsiriwe na kuthibitishwa ukiwa bado nyumbani. Na Kiitaliano kijifunze kwa bidii. Kozi nyingi za fasihi hazina lugha nyingine.

Napoli ina jambo jingine la kututia moyo. Chuo cha L'Orientale, ambacho chimbuko lake ni shule aliyoianzisha padri Matteo Ripa 1732, kinafundisha Kiswahili. Elena Bertoncini Zúbková alifundisha hapo miaka mingi, na 1989 akachapisha kitabu kuhusu nathari na tamthilia za Kiswahili. Nimekutana na Waitaliano wanaomsoma Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kwa makini kuliko tulivyomsoma sisi darasani. Wananiuliza juu ya Kichomi, diwani ya 1974 iliyowakasirisha wanamapokeo kwa kuacha vina na mizani. Mimi ni mtu wa vina, sifichi. Lakini kila tunapobishana nalazimika kuisoma upya, na kila nikiisoma msimamo wangu unalegea.

Mtihani wangu unaofuata ni wa Leopardi, mshairi wa Kiitaliano aliyefariki mjini hapa 1837. Shairi lake la 1819 juu ya ukomo na kutokuwa na ukomo lina mistari 15, silabi 11 kila mmoja, na halina vina hata kimoja. Nimemwomba profesa niliweke mezani pamoja na Kezilahabi, nimwonyeshe ni nini kinachobaki katika shairi kina kinapoondoka. Amekubali. Sasa ninatafsiri beti za Kichomi kwa Kiitaliano, na yule bibi ndiye msikilizaji wangu wa kwanza.