Kihariri cha bloku kilivyokubali kufunguka kwenye "miradi"

Tovuti ninayoihudumia inatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Kurasa na makala za kawaida zilifunguka vizuri kwenye kihariri cha bloku (ambamo kila aya au picha ni kipande chake, yaani bloku), kile kilichoingia na toleo la 5.0 mwaka 2018. Lakini aina ya maudhui tuliyoongezewa, "miradi", iling'ang'ania kihariri cha zamani: kisanduku kimoja kikubwa na safu ya vitufe juu yake. Nilizima plagini (programu za nyongeza) moja moja, hali ikabaki ileile.

Jibu lilikuwa kwenye functions.php, faili la msimbo la themu (kifurushi cha mwonekano wa tovuti), pale aina hiyo inaposajiliwa. Kihariri cha bloku husoma na kuhifadhi maudhui kupitia API ya REST, njia ambayo programu hupeana data na WordPress. Aina ya maudhui isiyoruhusiwa humo hurudishwa kwenye kihariri cha zamani, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Ndani ya register_post_type, amri inayosajili aina hiyo, palikosekana mstari huu:

'show_in_rest' => true,

Niliuongeza, nikahakikisha 'supports', orodha ya vipengele vya aina hiyo, ina 'editor' (bila hiyo mstari wa kwanza hausaidii kitu), nikapakia ukurasa upya. Kitufe cha kujumlisha kikatokea, na bloku zote zikawepo.

Miradi ya zamani itaonekana ndani ya bloku moja ya Classic, inayobeba maandishi ya kihariri cha zamani. Ibofye kisha uigeuze kuwa bloku za kawaida, ila weka nakala rudufu kwanza, hasa penye majedwali.